Scheele: Kijana wa duka la dawa aliyefika hadi ukutani mwako

Umehamia keja mpya, labda Nyalenda au Kondele. Rangi ya mwenye nyumba imechakaa, na kuipaka upya ni gharama. Unanunua roli mbili za karatasi za ukutani, zile za vinili zenye picha ya matofali, unabandika wikendi moja na chumba kinang'aa. Harufu ya plastiki inakaa siku kadhaa kisha inaisha. Basi ngoja nikupe habari za mtu aliyefariki mwaka 1786, maana bila yeye huenda roli hiyo usingeipata.

Anaitwa Carl Wilhelm Scheele. Alizaliwa Desemba 1742 mjini Stralsund, ambao leo uko Ujerumani lakini wakati huo ulitawaliwa na Uswidi. Kwao walikuwa watoto kumi na mmoja. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Gothenburg kuwa mwanagenzi katika duka la dawa, kazi yake kusaga, kuchemsha na kuosha chupa. Usiku wenzake wakilala, yeye alikuwa na vitabu vya kemia vya bosi wake na mabaki ya dawa za dukani. Ndiyo maabara yake hiyo.

Alihama duka baada ya duka: Malmö, Stockholm, Uppsala, na mwishowe mji mdogo wa Köping. Jamaa alikuwa na mkono wa ajabu. Oksijeni aliipata mapema, karibu mwaka 1771, lakini kitabu chake kilichelewa kuchapishwa hadi 1777. Tayari Mwingereza Joseph Priestley alikuwa ametangaza ya kwake, na sifa zikamwendea huyo. Hata hivyo, mwaka 1775 Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi kilimpokea Scheele kuwa mwanachama akiwa bado msaidizi tu wa duka la dawa.

Sasa tuje ukutani. Mwaka 1774 alichanganya asidi ya chumvi na mawe meusi yenye manganizi, akapata hewa ya kijani-njano inayokaba koo. Alipoweka maua ndani yake, rangi yakapoteza. Leo tunaiita klorini. Wewe unaijua vizuri: ndiyo iliyo kwenye Jik, na ndiyo inayowekwa kwenye maji ya ziwa yanaposafishwa pale Dunga kabla hayajafika kwenye mfereji wenu. Yeye mwenyewe hakujua kwamba ni elementi. Hilo lilithibitishwa mwaka 1810 na Humphry Davy. Lakini Mfaransa Claude Louis Berthollet aliona haraka kwamba inaweza kung'arisha nguo, na baadaye watengenezaji wa karatasi wakaweza kutumia hata matambara ya rangi kupata karatasi nyeupe. Na ile vinili yako? Ni PVC, na zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini. Peke yake ni ngumu kama bomba la maji. Ili iwe laini na ikunjike, huongezewa kemikali za kulainisha, na hizo zinachangia ile harufu ya roli mpya.

Hiyo ndiyo zawadi yake ya kwanza. Ya pili ina shida.

Mwaka 1775 Scheele alichemsha potashi pamoja na aseniki, akamimina kwenye maji ya mrututu. Chini ya chombo kikatua unga wa kijani mzuri ajabu. Ulikuwa rahisi kutengeneza, na Ulaya ilikuwa na kiu ya kijani. Scheele alijua vizuri kilichomo. Mwaka 1777 alimwandikia rafiki yake kwamba wanunuzi waelezwe kuwa rangi hiyo ni sumu. Mwaka uliofuata njia ya kuitengeneza ikachapishwa, na wafanyabiashara wakachukua rangi, onyo wakaliacha.

Kijani hicho, pamoja na kingine cha shaba na aseniki kilichotokea mwaka 1814, kikaenda kwenye mishumaa, maua bandia, nguo na zaidi ya yote karatasi za ukutani. Mwaka 1862 watoto wa familia moja mtaani Limehouse, London, walikufa mmoja baada ya mwingine, na daktari Thomas Orton akaishuku karatasi ya kijani chumbani mwao. Kiwandani watu waliipumua kama vumbi. Kisha katika miaka ya 1890 daktari Mwitaliano Bartolomeo Gosio akaonyesha jambo lingine: penye unyevu, kuvu wanaoota kwenye rangi hizo hutoa hewa yenye aseniki, inayonuka kama kitunguu saumu. Gundi ya unga iliyobandikia karatasi ilikuwa chakula cha kuvu hao. (Kama nyanya yako alibandika magazeti ukutani kwa uji mzito, unaijua gundi yenyewe.)

Scheele hakuyaona hayo. Alikuwa na tabia ya kuonja alichotengeneza, na miaka ya kuvuta moshi wa zebaki na aseniki haikumwacha salama. Figo na ngozi zilimsumbua. Siku chache kabla ya kufa alimwoa Margareta Sonneman, mjane wa mwenye duka wa awali, ili mali na duka vimrudie mama huyo. Akafariki Mei 21, 1786, akiwa na miaka 43.

Vinili yako haina rangi ya Scheele, usiogope. Lakini kuvu wangali wapo. Nyalenda iko chini, karibu na matoi ya ziwa, na kuta nyingi hunyonya maji kutoka ardhini. Karatasi ya kawaida huacha ukuta upumue kidogo. Vinili huufunga, maji yakabaki nyuma, na weusi ukaanza pale gundi ilipo. Kabla hujabandika, chukua kipande cha nailoni, kifunge ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, rudisha roli dukani kwanza na umwite mwenye nyumba.