Mtambo wa Chapa wa Desai

Msomaji avukaye kwa pantoni kutoka Kigamboni, gazeti mkononi, hutazama habari zasema nini. Ni nadra kuuliza mtambo uliozipiga chapa ni wa nani. Lakini mahali penye mitambo michache na wenye malalamiko wengi, swali hilo lina uzito. Kwa sababu hiyo twapenda kukumbuka maisha ya Manilal Ambalal Desai wa Nairobi.

Desai alizaliwa Gujarat, katika Bara Hindi, akafika Nairobi mwaka 1915, akawa karani katika ofisi ya mawakili Wazungu. Aliiacha kazi hiyo, akaingia katika siasa ya Wahindi na kuanzisha gazeti la East African Chronicle.

Mwaka 1921 walowezi waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja: apataye shilingi tisa abaki na sita. Harry Thuku, kijana mpokea simu katika Hazina ya serikali, alisimama kupinga. Walakini hakuwa na mtambo wa chapa. Desai alimfungulia mlango wa ofisi yake, na malalamiko juu ya mishahara, kodi na kipande yakapigwa chapa humo.

Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Siku mbili baadaye umati uliodai afunguliwe ulipigwa risasi mjini Nairobi, watu wakafa. Thuku alihamishiwa Kismayu, nalo gazeti la Desai halikudumu.

Wapo wasemao kwamba Desai alitafuta tu wa kumsaidia katika ugomvi wa Wahindi na walowezi. Hatukatai ya kuwa alikuwa na haja yake. Mwaka 1923 alikwenda London pamoja na ujumbe wa Wahindi kudai haki zao. Lakini atafutaye faida peke yake hutoa maneno matamu, wala hahatarishi chombo chake cha kazi.

Baadaye Desai aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Alifariki mwaka 1926 mjini Bukoba, katika Tanganyika ya siku hizo. Huko Nairobi ulijengwa ukumbi wa kumkumbuka, na vyama vya wafanyakazi vikafanya mikutano yao humo.

Basi kila aliyepewa gazeti, ofisi au kiti barazani, yampasa atazame ni nani asimamaye nje ya mlango wake, naye amfungulie.