Jenerali Warren: alishinda vita, akanyang'anywa jeshi

Safari hii tunawaletea maisha ya Gouverneur Warren, jenerali wa Marekani aliyepigana upande wa serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1830 huko Cold Spring, jimbo la New York. Alisoma chuo cha kijeshi cha West Point, akamaliza mwaka 1850 akiwa wa pili darasani. Kazi yake ilikuwa kupima nchi na kuchora ramani.

Tarehe 2 Julai 1863, katika mapigano ya Gettysburg, mkuu wake Meade alimtuma akatazame kilima cha Little Round Top. Alikuta pale askari wachache tu wa kupeleka habari kwa bendera, na adui anakuja. Alitambua kwamba kilima kikitekwa, jeshi lote litapigwa ubavuni. Alituma wajumbe haraka kuomba askari, kisha akashuka mwenyewe kuwatafuta wengine. Waliwahi kwa dakika chache tu. Kanali Vincent na Kanali O'Rorke walipoteza maisha, Warren akajeruhiwa shingoni, lakini kilima hakikutekwa.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, huko Mine Run, aliamriwa kushambulia alfajiri. Alipoona adui ameimarisha ngome zake usiku, alisimamisha shambulio. Meade alikasirika, lakini alipokwenda kujionea mwenyewe alikubali. Askari wengi walipona siku hiyo.

Mwaka 1864 Warren aliongoza kikosi cha tano chini ya Jenerali Grant. Tabia yake ya kupima kila amri haikuwapendeza wakubwa, walimwona mzito. Tarehe 1 Aprili 1865 kikosi chake kilishinda huko Five Forks, na jioni ileile Jenerali Sheridan akamwondoa madarakani. Siku nane baadaye Jenerali Lee wa upande wa pili alisalimu amri.

Warren aliomba kesi yake ichunguzwe. Grant akawa rais kuanzia 1869 hadi 1877, na ombi halikukubaliwa. Rais Hayes ndiye aliyeunda baraza la uchunguzi mwaka 1879. Baraza lilisikiliza mashahidi wengi, na kwa sehemu kubwa likamwondolea lawama. Lakini Warren alifariki tarehe 8 Agosti 1882, na matokeo yalitangazwa Novemba. Alikuwa ameagiza azikwe kwa nguo za kiraia, bila heshima za kijeshi. Mwaka 1888 sanamu yake ilisimamishwa juu ya kilima kile.

Tunasema mvumilivu hula mbivu. Warren alivumilia miaka 17, na zilipoiva hakuwepo. Sisi tunaoishi kwa kungoja majibu tunaelewa uchungu huo. Basi kila mmoja wetu anayesimamia jambo la mwenzake, iwe ni mgawo, shamba au ugomvi wa majirani, asilikalie. Mtu apewe haki yake angali hai.