Jack Kirby: Mchoraji aliyelipwa kwa ukurasa

Agosti 31, 2009, kampuni ya burudani ya Walt Disney ya Marekani ilitangaza kuinunua Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni, kwa takriban dola bilioni 4. Mali iliyonunuliwa haikuwa karatasi wala mitambo, bali wahusika: Captain America, Hulk, Thor, Black Panther. Wengi walitoka mikononi mwa mtu aliyekwishazikwa miaka 15, Jack Kirby.

Alizaliwa New York Agosti 28, 1917, akaitwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Austria, na baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo.

Mwishoni mwa 1940, yeye na mwenzake Joe Simon walimtoa Captain America, akiwa kwenye jalada anampiga ngumi Hitler kabla Marekani haijaingia vitani. Kitabu kiliuzwa sana. Simon alieleza baadaye kuwa waliahidiwa sehemu ya faida na hawakuiona ipasavyo, wakahamia kwa mshindani.

Mali yenyewe ilizaliwa miaka ya 1960. Akifanya kazi na mhariri Stan Lee, Kirby alichora Fantastic Four mwaka 1961, kisha wakafuata Hulk, Thor, X-Men na, mwaka 1966, Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni barani Afrika. Nani alibuni nini, ubishi haujaisha. Lililo wazi ni malipo: Kirby alilipwa kwa ukurasa, kama fundi cherehani anayelipwa kwa kila shati. Kitabu kiuzwe nakala ngapi, ujira ni uleule.

Aliondoka 1970, na 1972 akatia saini hati ya kuikabidhi kampuni haki zozote alizokuwa nazo. Alipodai michoro yake halisi miaka ya 1980, aliwekewa mkataba mrefu kuliko wa wenzake. Hatimaye alirudishiwa kurasa takriban 2,000, sehemu ndogo tu ya alizochora. Alifariki California Februari 6, 1994.

Wiki chache baada ya tangazo la Disney, watoto wake wanne walituma notisi 45 wakidai haki zake. Sheria ya Marekani huwaruhusu warithi kudai, isipokuwa kazi iwe ilifanywa kwa kuagizwa na kulipiwa na kampuni. Je, Kirby aliuza mali yake, au alikuwa kibarua? Aliyewahi kupeleka mzigo kwa neno la mdomo anajua ugumu wa swali hilo, maana mkataba wa maandishi wa miaka ile haukuonekana. Mahakama ya New York mwaka 2011, na ya rufaa mwaka 2013, ziliipa Marvel ushindi. Septemba 26, 2014, Mahakama ya Juu ikiwa karibu kuamua kama ilisikilize shauri, pande mbili zilipatana kwa masharti ambayo hayakutangazwa.

Filamu ya Black Panther ilitoka 2018 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Jina la Kirby limo katika maandishi ya filamu hiyo, pamoja na la Lee.