Bastola ya Karisoke

Jirani yangu wa Katindo, ambaye mtaa mzima humwita Papa Furaha, hubadilisha fedha kando ya barabara, na jioni hurudi nyumbani kwa miguu akiwa na pesa za siku kiunoni. Baada ya kuporwa mara mbili katika msimu mmoja wa mvua, alinijia na karatasi ya Kiingereza nimtafsirie, maana anajua nasoma lugha. Yalikuwa maelezo ya rivolva nyepesi ya mtutu mfupi, ya kubebwa kila siku chini ya shati bila mtu kuiona. Nilikwama mapema. Kwa kawaida tunasema bastola tu, kwa silaha mbili zisizofanana: ile ya silinda inayozunguka na risasi zake tano au sita, na ile ambayo risasi hupangwa katika kasha linalochomekwa ndani ya mpini. Nikitafuta namna ya kuzitenganisha, nikamkumbuka Dian Fossey, na karatasi ya jirani ikalala mezani wiki mbili.

Wengi hapa kitivoni wanamjua kwa filamu ya 1988 aliyoigiza Sigourney Weaver, na humhesabu kuwa mtu wa upande wa Rwanda. Lakini alianza kwetu. Alizaliwa San Francisco tarehe 16 Januari 1932, akafanya kazi Louisville, Kentucky, ya kuwasaidia watoto walemavu kutumia viungo vyao. Mwaka 1963 alikopa dola 8,000, akasafiri Afrika Mashariki, akakutana na Louis Leakey huko Olduvai, kisha akapanda hadi Kabara, uwanda wa majani ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, milima ileile tunayoiona kutoka Goma mawingu yakiondoka. Huko ndiko alikowaona gorila wa milimani kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu baadaye Leakey alimpa kazi ya kuwachunguza, ila akamwambia kwanza aondolewe kidole tumbo. Alipokwisha kupasuliwa, akaarifiwa kwamba lilikuwa jaribio tu la kupima nia yake. Mimi ningemkimbia mzee wa namna hiyo.

Januari 1967 alipiga hema Kabara. Mwalimu wake wa kweli alikuwa Sanwekwe, Mkongo mfuata nyayo aliyekwisha kuwaongoza watafiti wengine katika msitu ule. Alimfundisha kusoma jani lililovunjika, kinyesi kilichopoa, kimya cha ghafla. Wasimulizi wengi humpa Sanwekwe mistari miwili; mimi ningempa ukurasa mzima.

Julai mwaka huohuo mamluki wa Jean Schramme waliasi na mashariki yote ikawaka moto. Askari wakapanda Kabara, wakamteremsha Fossey hadi Rumangabo, akawekwa chini ya ulinzi. Alitoka kwa ulimi. Aliwashawishi walinzi wake kwamba gari lake lazima likasajiliwe Kisoro, ng'ambo ya mpaka, na kwamba huko kulikuwa na fedha za kuwapa. Wakafuatana naye hadi Uganda. Alipofika kwenye hoteli ya Walter Baumgärtel, Travellers Rest, alikimbilia ndani, na walinzi wale wakakamatwa na askari wa Uganda. Hakuna risasi iliyotajwa katika mkasa huo.

Tarehe 24 Septemba 1967 alifungua kambi mpya upande wa Rwanda, akaunganisha majina ya milima miwili, Karisimbi na Visoke, likapatikana Karisoke. Daftari zake zinafaa kusomwa na mwanafunzi wa lugha. Jike mmoja mwenye macho makubwa alimwita Macho, na mwana wa jike huyo akamwita Kweli. Wenyeji nao walimpa yeye jina, Nyiramacibiri, ambalo mwenyewe alilieleza kuwa mwanamke anayeishi peke yake mlimani. Nadhani alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Siku ya mwisho ya mwaka 1977 majangili walimuua Digit, gorila aliyemzoea kuliko wote, wakamkata kichwa na mikono. Julai 1978 waliuawa Uncle Bert na Macho. Kweli, mtoto wa miaka mitatu hivi, alipigwa risasi begani, akafa baada ya miezi mitatu kwa kidonda kilichooza. Kuanzia hapo Fossey alibadilika. Alivunja mitego kwa maelfu, na hilo namsifia. Lakini pia alikamata ng'ombe wa wafugaji, akavaa vinyago akijifanya mchawi, akawatesa majangili waliotiwa mikononi mwake. Wanaompenda hulipita jambo hilo haraka. Vijana wa vijiji vya chini walijifunza jina lake kwa hofu, na mwanamke aliyeokolewa Kongo na maneno akawa hana la kuzungumza nao.

Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 mtu alikata bati la kibanda chake, akaingia chumbani. Asubuhi alikutwa sakafuni, amekatwa kwa panga kichwani na usoni. Kando yake palikuwa na bastola na risasi. Alikuwa amewahi kuishika, akajaribu kuijaza, lakini risasi alizozichukua gizani hazikuwa za bastola ile. Hapo ndipo nilipokwama mara ya pili. Alikuwa na silaha, alikuwa nayo karibu, alikuwa na miaka kumi na minane ya kuishi na hatari, na bado mkono ulichukua risasi zisizo zake. Mtafiti wake msaidizi, Wayne McGuire, alihukumiwa nchini Rwanda akiwa amekwisha kurudi Marekani. Wengi hawakuiamini hukumu hiyo. Fossey alizikwa palepale kambini, karibu na Digit.

Nilimtafsiria Papa Furaha karatasi yake. Rivolva niliiita bastola ya silinda. Nilimweleza kwamba Smith & Wesson walitoa ndogo ya risasi tano mwaka 1950, na miaka miwili baadaye wakatoa ya fremu ya alumini, chini ya nusu kilo; kwamba silinda haina kasha la kukosea, ila risasi isiyo ya kipimo chake haitafaa vilevile; kwamba kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyorusha mkono, na mtutu mfupi unataka mazoezi ambayo hana pa kuyafanyia. Nikamkumbusha pia sheria yetu ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985, inayodai kibali. Nikamsimulia Karisoke.

Alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu: fedha za yule mama zilikuwa wapi? Zilikuwa mle kibandani, maelfu ya dola, na muuaji hakuzigusa. Papa Furaha akanyamaza muda mrefu. Aliondoka bila karatasi yake; bado ninayo. Siku hizi hufunga kazi saa kumi, jua likiwa bado juu, na hurudi Katindo na wenzake watatu.