Graham Hill: Bingwa wa dunia, ndege yake na karatasi zilizoisha muda

Mastaa wa soka wa leo wakitaka ndege wanakodi, rubani anakuja nayo. Madereva wa Formula One wa miaka ya 1960 walikuwa wananunua ndege ndogo na kuzirusha wenyewe. Graham Hill, Mwingereza mwenye masharubu na vituko vingi, alikuwa mmoja wao. Kwake ile Piper Aztec ilikuwa kama gari la nyumbani tu.

Jamaa alichelewa kuanza. Alizaliwa London Februari 15, 1929, na alipata leseni ya gari akiwa na miaka 24. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kupiga makasia, na hata alipokuwa bingwa wa dunia kofia yake ya mbio ilibaki na rangi za klabu yake, London Rowing Club: bluu iliyokoza na makasia meupe. Ni sawa na straika yuko Ulaya lakini ndani ya jezi kavaa fulana ya timu ya mtaani kwao.

Kwenye magari aliingia kwa kulipia mizunguko minne tu pale Brands Hatch, shilingi tano za Kiingereza kila mmoja. Akanogewa. Akajibanza Lotus kama fundi, akang'ang'ania hadi akapewa gari. Ubingwa wa dunia aliubeba 1962 akiwa na BRM, kisha 1968 akiwa na Lotus. Monaco, kwenye zile barabara nyembamba za mjini, alishinda mara tano. Akashinda Indianapolis 500 mwaka 1966 na Saa 24 za Le Mans 1972. Hadi leo hakuna dereva mwingine aliyeshinda zote tatu, yaani Monaco, Indianapolis na Le Mans.

Fedha za Indianapolis ndizo zilizonunua ndege. Aztec ina injini mbili na viti sita, inatosha kubeba mwenye nayo na marafiki. Kwa mtu ambaye wikiendi hii anakimbia Ufaransa na nyingine Italia, raha yake ilikuwa kubwa. Hakuna foleni wala kusubiri abiria wengine. Mbio zikiisha anawasha injini na kutua Elstree, kiwanja kidogo kaskazini mwa London, karibu na kwake.

Na alikuwa mbishi. Oktoba 1969 alivunjika miguu yote miwili kwenye ajali ya Watkins Glen, Marekani. Wengi wakajua kwisha habari. Miezi mitano baadaye alikuwa Afrika Kusini ndani ya gari, akamaliza wa sita.

Mwaka 1975, akiwa na miaka 46, alishindwa kufuzu kuanza mbio za Monaco, pale pale alipokuwa mfalme. Akatundika kofia na kubaki bosi wa timu yake mwenyewe. Dereva aliyemtegemea alikuwa Tony Brise, kijana wa miaka 23 ambaye Waingereza walimwona bingwa ajaye.

Novemba 29 mwaka huo walikuwa wanatoka kulijaribu gari jipya Paul Ricard, kusini mwa Ufaransa. Ndege ilijaa: Hill kwenye usukani, Brise, meneja wa timu, mbunifu wa magari na mafundi wawili. Usiku ule Elstree ilikuwa imefunikwa na ukungu. Hill alijaribu kutua. Ndege ikashuka chini mno kabla ya kukifikia kiwanja, ikagonga miti kwenye uwanja wa gofu wa Arkley na kuwaka moto. Wote sita wakafa. Timu nayo ikafa palepale, maana hapakuwa na mtu wa kuiendesha wala wa kuchora gari lingine.

Kilichofuata ndicho kinachouma zaidi. Uchunguzi ulikuta ndege ilishafutwa kwenye daftari la usajili la Marekani na haikuwa imesajiliwa kwingine. Leseni ya Marekani ya Hill ilikuwa imeisha muda. Kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo, kile ambacho rubani anakihitaji hasa asipoona mbele, nacho kilikuwa kimeisha. Mtu aliyejali kila nati ya gari lake la mbio aliacha makaratasi ya ndege yalale. Bima ikawa haina kazi.

Familia za waliokufa zikadai fidia kwenye mali zake, na zilikuwa na haki. Mjane wake, Bette, akabaki na watoto watatu na madeni, ikabidi waliache jumba lao. Mtoto wa kiume, Damon, alikuwa na miaka 15. Baadaye akabeba zege kwenye ujenzi na kupeleka mizigo London kwa pikipiki ili apate hela ya kukimbia mbio. Mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia na timu ya Williams, kichwani akiwa na kofia ya bluu yenye makasia meupe.