Maisha ya Bwana Haskell Curry

Wako wengi miongoni mwetu wanaojifunza lugha ya kompyuta iitwayo Haskell, lakini ni wachache wajuao kwamba jina hilo lilikuwa la mtu.

Haskell Curry alizaliwa tarehe 12 Septemba, 1900, huko Millis, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Wazazi wake walikuwa na shule mjini Boston ya kufundisha watu kusema kwa ufasaha. Mwaka 1916 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard akitaka kuwa daktari, lakini vita vilipoingia nchini mwake akaacha udaktari akashika hesabu. Baadaye akajaribu umeme, kisha fizikia. Wazee wengi wangemwita kijana asiyetulia. Lakini kumbe alikuwa akitafuta swali lake, na alilipata: je, ni sheria zipi zilizo chini kabisa, ambazo hesabu yote imejengwa juu yake?

Mwaka 1927 alikuta maandiko ya Mrusi mmoja, Moses Schönfinkel, aliyekwisha kumtangulia katika njia ile ile. Curry hakuficha jambo hilo. Hata leo ile njia ya kuipa fanksheni vitu vyake kimoja kimoja inaitwa kwa jina la Curry, ingawa mwenyewe alimtaja Schönfinkel. Akasafiri mpaka Göttingen, Ujerumani, akapata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1930 chini ya Bwana David Hilbert. Tangu 1929 alikuwa mwalimu katika chuo cha jimbo la Pennsylvania, akafundisha huko mpaka 1966.

Basi likatokea jambo zito. Mwaka 1935 Stephen Kleene na J. B. Rosser walionyesha kwamba mfumo wake una ufa: ndani yake uliweza kuthibitisha neno lo lote, la kweli na la uwongo sawasawa. Kazi ya miaka mingi ilikuwa hatarini. Curry hakuitupa. Aliuchunguza ufa wenyewe, na mwaka 1942 akaonyesha njia fupi zaidi ya kuufikia.

Dawa moja alikwisha kuanza kuitengeneza mwaka 1934, nayo ni kuzipa fanksheni aina. Sisi tunaikuta siku ya kwanza ya somo: Bool ni kweli au si kweli, Char ni herufi moja, Int ni namba kamili yenye mpaka, na Integer ni ile isiyo na mpaka, Double ina nukta. Jambo la ajabu ni kwamba si lazima kuziandika. Tukisema tu kwamba f ya x ni not ya x, kompaila huwaza hivi: not hupokea Bool, kwa hiyo x ni Bool; not hutoa Bool, kwa hiyo na f hutoa Bool. Lakini tukiandika x inayojipokea yenyewe, tunakataliwa papo hapo, maana aina ya x ingelazimika kuwa ndani ya aina yake yenyewe, bila mwisho. Wengi hukasirika hapo. Hawajui kwamba kujipokea huko ni ndugu wa ule ufa wa 1935.

Wakati wa vita vya pili alifanya kazi za serikali, na mwaka 1946 aliandika pamoja na Willa Wyatt juu ya kuitumia ENIAC, mashine kubwa ya kuhesabu. Njia kamili ya kutambua aina ilikuja baadaye, kwa Roger Hindley mwaka 1969, na kwa Robin Milner mwaka 1978, ambaye aliigundua peke yake.

Curry alifariki tarehe 1 Septemba, 1982. Miaka michache baadaye wataalamu waliokuwa wakitunga lugha mpya walimwendea mjane wake, Bibi Virginia, kuomba ruhusa ya kuliita jina la marehemu. Bibi akakubali, lakini akawaambia kwamba mumewe hakulipenda kamwe jina hilo la Haskell.