Padre William Mompesson: Mchungaji Aliyekaa na Kundi Lake



Ninyi mmezoea kusoma katika kurasa hizi habari za maaskofu na wamisionari waliolijenga Kanisa katika nchi yetu. Mwezi huu nawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa askofu wala mmisionari, na Afrika hakufika kamwe. Alikuwa padre wa kijiji kimoja kidogo huko Uingereza, zaidi ya miaka 350 iliyopita.

Nimemchagua kwa sababu ya swali ambalo wengi wetu tulijiuliza mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia. Jirani zetu wa Kenya waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na askari wakapita barabarani kuisimamia. Kwetu Tanzania shule zilifungwa kwa amri, lakini makanisa hayakufungwa. Kunawa mikono na kukaa mbalimbali kukaachwa zaidi katika dhamiri ya kila mtu. Basi watu wakauliza: je, mwanadamu anaweza kujizuia mwenyewe kwa ajili ya jirani yake, au ni lazima azuiwe kwa nguvu? Maisha ya Padre Mompesson yanatupa jibu, ingawa si jibu jepesi.

UJANA WAKE

William Mompesson alizaliwa yapata mwaka 1639. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akapewa upadre, kisha akawa padre wa nyumbani kwa bwana mmoja mkubwa aliyeitwa Sir George Savile. Mwaka 1664 alipelekwa kuwa padre wa Eyam, kijiji cha wakulima na wachimba madini ya risasi katika milima ya Derbyshire. Alikwenda na mkewe, Catherine, na watoto wao wawili wadogo, George na Elizabeth.

Hakupokewa kwa furaha sana. Mwaka 1662 serikali ilikuwa imetoa sheria kwamba kila padre akubali kutumia Kitabu cha Sala jinsi kilivyo, na asiyekubali aondoke. Mapadre wapatao 2,000 walipoteza kazi zao katika miaka ile. Mmoja wao alikuwa Thomas Stanley, aliyekuwa mchungaji wa Eyam kwa miaka mingi. Watu walimpenda mzee Stanley, naye aliendelea kuishi kati yao. Huyu kijana aliyeletwa na wakubwa walimtazama kama mgeni.

ROBOTA LA VITAMBAA

Mwishoni mwa Agosti 1665, fundi cherehani wa Eyam aliletewa robota la vitambaa kutoka London. Lilikuwa limelowa, hivyo msaidizi wake, George Viccars, alilifungua akavitandaza vitambaa mbele ya moto vikauke. Siku chache baadaye Viccars alishikwa na homa kali, akavimba matezi. Tarehe 7 Septemba alizikwa. Ilikuwa tauni.

Sisi wa mkoa wa Tanga hatuhitaji kuelezwa tauni ni nini. Iliingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, ikarudi tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini sisi tulikuwa na dawa, na tulijua adui ni nani. Watu wa Eyam hawakujua habari za panya na viroboto. Kijidudu cha tauni kiligunduliwa mwaka 1894 tu. Wao walidhani ugonjwa huja na hewa mbaya. Hata hivyo jambo moja walilijua: ugonjwa hufuata watu wanaosafiri.

Wakati wa vuli walikufa wengi, na wakati wa baridi vifo vikapungua. Wakaanza kutumaini. Lakini majira ya joto ya mwaka 1666 yalipofika, ugonjwa uliwaka upya kama moto wa nyika.

AMRI ILIVYOKUWA LONDON

Tuangalie kwanza serikali ilifanya nini mahali pengine. Katika London, nyumba yenye mgonjwa mmoja ilifungwa na wote waliomo, wazima na wagonjwa pamoja, kwa siku arobaini. Msalaba mwekundu ulichorwa mlangoni, na mlinzi akasimama nje. Sheria ya mwaka 1604 ilisema kwamba mtu mwenye jipu la tauni akitoka nje na kuchanganyika na watu, aweza kunyongwa. Asiye na jipu akitoka, apigwe viboko.

Matokeo yake yalikuwa nini? Watu waliwaficha wagonjwa wao ili nyumba isifungwe. Waliwahonga walinzi, walitoboa kuta, na mara nyingine waliwapiga walinzi. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja vifo vya tauni zaidi ya 68,000 katika London mwaka ule wa 1665. Sisemi kwamba amri ilikuwa upuuzi. Pengine bila amri mambo yangalikuwa mabaya zaidi. Nasema tu kwamba mtu aliyefungiwa mlango hutafuta dirisha.

MAPADRE WAWILI

Huko Eyam hapakuwa na askari wa kutosha kukizuia kijiji kizima. Watu walikwisha kuanza kufunga mizigo yao, na wenye uwezo baadhi walikuwa wamekwisha kuondoka. Kama wote wangekimbia, wangeupeleka ugonjwa katika miji na vijiji vyote vya jirani.

Padre Mompesson aliona kwamba ni lazima watu wakae. Lakini aliona jambo la pili, nalo lilimpasa kujishusha: kwamba yeye peke yake hatasikilizwa. Ndipo alipomwendea mzee Stanley.

Nawaomba mfikiri juu ya jambo hili. Wawili hawa walitengwa na mambo ya imani na siasa ambayo watu wa nchi ile walikuwa wamemwagiana damu kwa ajili yake. Zaidi ya hayo, mwaka 1665 ilitolewa sheria nyingine iliyowakataza wachungaji waliofukuzwa kukaa karibu na parokia zao za zamani, hata kwa maili tano. Kwa sheria hiyo Stanley hakutakiwa kuwapo Eyam. Basi yule ambaye serikali ilimwamuru aondoke, ndiye aliyehitajiwa ili wengine wakubali kukaa. Mompesson hakumshtaki. Alimwomba msaada, na Stanley hakukataa.

MAKUBALIANO

Mwezi Juni 1666 wawili hao waliwaeleza watu mambo matatu. La kwanza, kila jamaa wazike wafu wao wenyewe karibu na nyumba zao, upesi, bila kungoja uwanja wa kanisa. La pili, kanisa lifungwe, na ibada zifanywe nje, katika bonde liitwalo Cucklet Delf, kila jamaa wakisimama mbali na wengine. La tatu, ambalo ndilo zito, mtu yeyote asitoke kijijini wala asiingie, mpaka tauni iishe.

Mompesson hakuja na maneno matupu. Alikuwa amekwisha kumwandikia Earl wa Devonshire, aliyekaa Chatsworth, si mbali na pale, naye alikubali kupeleka chakula na dawa ikiwa watu watakaa. Vyakula viliachwa mpakani, kwenye kisima ambacho hata leo huitwa kisima cha Mompesson, na kwenye jiwe lenye mashimo yaliyojazwa siki. Fedha za malipo zilitiwa humo ili zisipeleke ugonjwa. Na tena Mompesson aliwaahidi kwamba yeye mwenyewe hataondoka.

Watu wakakubali, wengine kwa moyo mzito. Hapakuwa na ukuta, wala mlinzi kila njia. Palikuwa na mawe ya mpaka, na neno walilopeana.

AGOSTI 1666

Mwezi wa Agosti ulikuwa mbaya kuliko yote. Walikufa zaidi ya watu 70. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto wao sita kwa muda wa siku nane, akiwaburuta mwenyewe mpaka kaburini, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkaribia. Makaburi yao yapo hata leo katika shamba, yamezungushiwa ukuta wa mawe.

Mompesson alikwenda nyumba kwa nyumba, akiwaombea wanaokufa na kuandika wasia zao. Catherine alifuatana naye, ingawa afya yake ilikuwa dhaifu. Kabla ya mpaka kufungwa, watoto wao walipelekwa kwa ndugu huko Yorkshire. Inasimuliwa kwamba Catherine alimsihi mumewe waondoke wote, naye akakataa. Akamsihi mkewe aende na watoto, naye akakataa kumwacha. Tarehe 25 Agosti 1666 Catherine akafa. Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la Eyam.

Baada ya siku chache Mompesson aliandika barua kwa watoto wake kuwaeleza wema wa mama yao, na nyingine kwa Sir George Savile kumwaga, akidhani kwamba zamu yake imefika. Lakini hakuugua.

Mtu wa mwisho alikufa tarehe 1 Novemba. Mompesson alihesabu nyumba 76 zilizoingiwa na tauni, na watu 259 waliokufa. Tauni haikuenea katika vijiji vya jirani.

BAADA YA TAUNI

Mzee Stanley alifariki Eyam mwaka 1670. Mompesson alihamishiwa Eakring, katika Nottinghamshire. Inasimuliwa kwamba watu wa huko walimwogopa, wakakataa asikae kijijini, hata ikambidi akae kwanza katika kibanda nje, na kuwahubiri chini ya mti. Aliyewafunza wengine kukaa mbali na watu, sasa yeye mwenyewe alikalishwa mbali. Hakulalamika. Alioa tena, akawatumikia watu wale karibu miaka arobaini, akafariki mwaka 1709. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu wa Eyam huwakumbuka wafu wao kwa ibada.

TUJIFUNZE NINI?

Nimefundisha miaka mingi, tena nimewafundisha walimu. Kila mwalimu ajua kwamba darasa linalonyamaza kwa kuogopa fimbo hupiga kelele mwalimu akitoka. Darasa lililokubaliana lenyewe juu ya utulivu hunyamaza hata akitoka. Lakini kila mwalimu ajua vilevile kwamba makubaliano hayo hayazuki yenyewe. Hujengwa.

Eyam yalijengwa kwa mambo matatu. Viongozi waliokuwa mbalimbali walisema neno moja. Chakula kilipatikana, kwa maana mwenye njaa huwezi kumwambia akae nyumbani. Na aliyewaambia watu wakae, alikaa nao. Likikosekana moja katika hayo, haibaki ila nguvu.

Wala tusimfanye Mompesson kuwa malaika. Watoto wake waliokolewa, na watoto wa akina Hancock walikufa. Wenye mali walipata njia ya kutoka, na maskini ndio waliobaki. Wataalamu wa siku hizi husema kwamba wengine pengine wangalipona kama wangalitawanyika mapema badala ya kukaa pamoja. Basi hata makubaliano mema yana gharama, na gharama hiyo mara nyingi huwaangukia wanyonge. Kiongozi anayewaomba watu wajitoe lazima ajiulize ni nani atakayelipa.

Nakumbuka mwaka 2020, katika kanisa nisalilo, wazee wa kanisa waliweka ndoo za maji na sabuni mlangoni, na tukaacha kupeana mikono wakati wa amani. Hakuna askari aliyesimama pale. Majuma ya kwanza tulinawa wote. Baada ya miezi ndoo zilikauka, na hakuna aliyeuliza zamu ya kuzijaza ilikuwa ya nani. Zamu moja ilikuwa yangu, nami sikuijaza. Nilijiambia kwamba wengine hawajali, basi kwa nini nijali mimi?

Ndiyo sababu naandika habari hizi. Tunapenda kusema kwamba sisi si watoto wa kusukumwa kwa virungu. Ni kweli. Lakini asiyetaka kusukumwa hana budi kwenda mwenyewe. Ugonjwa mwingine utakuja, iwe ni kipindupindu au jambo ambalo bado halina jina. Siku hiyo tusingoje kwanza amri kutoka mjini. Wazee wa kanisa na wazee wa msikiti wakae pamoja, wapange nani atawapelekea chakula waliofungiwa, na nani atajaza ndoo siku ya tarumbeta na siku ya kimya.

Mungu aliyempa Padre Mompesson moyo wa kukaa, atupe na sisi moyo huo. Amina.